Mjomba, mimi sichezi kamari, nanunua hisa

Siku moja ya Novemba 2024 dada yangu alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia. Mwanawe wa pili, kijana wa miaka 22 anayesomea ufundi wa kompyuta hapa mjini, alikuwa amekula fedha za pango. Mwenye nyumba ameshabisha hodi mara mbili, na kijana hana majibu yanayoeleweka. "Kaka, wewe ndiye mjomba wake," akasema. "Zungumza naye. Ananiambia amenunua hisa. Hisa gani zinazonunuliwa Jumamosi saa moja usiku?"

Nikaenda. Kijana akanipa shikamoo, akaniletea kiti, na kabla sijafungua kinywa akajitetea: "Mjomba, mimi sichezi kamari. Mkeka siutaki. Mimi nanunua hisa."

Jambo hilo ndilo nililolichagua kwa mazungumzo yetu ya wiki hii, kwa sababu nina hakika mpwa wangu si peke yake. Vijana wengi wa mijini, na si vijana tu, wamekwisha kutana na kitu kinachoitwa soko la utabiri, na wengi wanaamini ni ndugu wa soko la hisa, si ndugu wa kamari. Nami nakiri kwamba jioni ile sikuwa na jawabu la haraka. Ilinibidi nirudi nyumbani nikasome.

Kwanza tuelezane mchezo wenyewe. Wako watu duniani ambao kazi yao, kazi ya mshahara na mkataba, ni kucheza michezo ya kompyuta. Mmoja wa michezo mikubwa zaidi unaitwa League of Legends, wa kampuni ya Riot Games ya Marekani, uliotoka mwaka 2009. Watu watano hupambana na watu watano, kila upande una ngome yake, na anayebomoa ngome ya mwenzake ndiye mshindi. Fainali ya dunia huchezwa hadi timu moja ishinde michezo mitatu katika mitano. Tarehe 2 Novemba 2024 fainali hiyo ilifanyika London, katika ukumbi wa O2, baina ya timu ya T1 ya Korea ya Kusini na Bilibili Gaming ya China. Ukumbi ulijaa kama uwanja wa mpira siku ya watani wa jadi.

Wachina walichukua mchezo wa kwanza. Wakorea wakasawazisha. Wachina wakachukua wa tatu, ikawa mbili kwa moja. Hapo ndipo fedha za pango zilipopotea, na nitarudi hapo baada ya kueleza soko lenyewe.

Katika soko la utabiri huuziwi tiketi ya kubashiri. Unauziwa karatasi, kwa maana ya karatasi isiyoshikika, inayosema: "T1 watashinda." Wakishinda, karatasi hiyo inalipwa dola moja kamili. Wakishindwa, hailipwi hata senti. Ipo pia karatasi ya kinyume chake, inayolipwa dola moja T1 wakishindwa. Kwa kuwa lazima moja kati ya hizo mbili iwe kweli, zote mbili pamoja thamani yake ni dola moja. Kwa hiyo ikiwa watu wako tayari kulipa senti 60 kwa karatasi ya kushinda, ile ya kushindwa itakuwa karibu na senti 40, na bei hiyo ya senti 60 husomwa kama kauli: soko linaona T1 wana nafasi 60 katika 100.

Bei nitakazozitaja katika kisa cha mpwa wangu ni za mfano, ili hesabu iwe nyepesi kwa anayesikiliza huku anakaanga samaki. Tuseme alinunua karatasi 160 za T1 kwa senti 50 kila moja. Hizo ni dola 80, yaani zaidi ya shilingi laki mbili. T1 wakishinda atapata dola 160. Wachina walipoongoza mbili kwa moja, bei ya karatasi zake ikaanguka hadi senti 25. Na hapa ndipo soko hili linapoachana na mkeka. Mkeka ukishauchana kwenye karatasi yake, kwa kawaida unabaki kuomba Mungu mpaka kipenga cha mwisho. Karatasi ya soko la utabiri unaweza kuiuza wakati wowote kwa mtu mwingine anayeitaka. Kijana akaona afadhali nusu shari kuliko shari kamili. Akauza zote, akapata dola 40, akafunga simu.

Halafu T1 wakashinda mchezo wa nne. Wakashinda na wa tano. Nahodha wao, Lee Sang-hyeok, anayejulikana ulimwenguni kwa jina la Faker, alichaguliwa mchezaji bora wa fainali, na ubingwa ule ulikuwa wake wa tano tangu ule wa kwanza wa mwaka 2013. Mpwa wangu alikuwa sahihi tangu mwanzo, na bado alipoteza nusu ya fedha zake.

"Sasa mjomba," akaniuliza, "hiyo nayo ni kamari? Mcheza kamari gani anapata matokeo sahihi halafu anakosa fedha?"

Swali zuri. Tuanze na upande wake, maana kijana hakuwa mjinga.

Tofauti ya kwanza ya kweli ni nani yuko upande wa pili. Kwa kampuni ya kubashiri matokeo, unacheza dhidi ya kampuni. Kampuni ndiyo inayopanga odi, na inazipanga kwa kujipendelea. Chukua mechi ambayo kampuni imeweka odi ya 1.50 kwa timu moja na 2.50 kwa nyingine. Ukigawanya 100 kwa 1.50 unapata karibu 67. Ukigawanya 100 kwa 2.50 unapata 40. Jumla yake ni 107, wakati ukweli wote wa dunia hauzidi 100. Ile saba ya ziada ndiyo mshahara wa kampuni, nayo inalipwa na wote, wanaoshinda na wanaoshindwa. Katika soko la utabiri, upande wa pili yuko mtu kama wewe anayeamini kinyume chako, na mwenye soko huchukua ushuru wake, kama mwenye gulio anayekusanya ushuru wa meza. Yeye hajali nani atashinda mechi. Anachojali ni watu waendelee kununua na kuuza.

Tofauti ya pili ni kwamba bei ya soko huwa inajua mambo. Hili wataalamu wamelijua zamani. Mwaka 1906, katika maonyesho ya mifugo huko Plymouth, Uingereza, watu walilipa senti kidogo kukisia uzito wa nyama ya ng'ombe dume mmoja akishachinjwa. Mwanasayansi Francis Galton alizichukua karatasi 787 zilizosomeka, akazipanga kutoka kisio dogo hadi kubwa, akaitazama ile ya katikati. Ilisema ratili 1,207. Ng'ombe alipopimwa alikuwa na ratili 1,198. Wapo waliokisia ovyo kwa juu na waliokisia ovyo kwa chini, lakini umati kwa pamoja ulikosea kwa ratili tisa tu. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilianzisha soko dogo la fedha halisi la kutabiri uchaguzi wa rais, kwa madhumuni ya utafiti, nalo likaonekana mara nyingi kukaribia ukweli kuliko kura za maoni. Mtu anayetia fedha yake huchunga ulimi wake.

Kutoka hapo ndipo yalipozaliwa masoko makubwa ya leo. Kalshi ilianzishwa Marekani mwaka 2018, na mwaka 2020 ikapata kibali cha tume ya serikali inayosimamia mikataba ya mazao na bidhaa za baadaye. Polymarket ilianza mwaka 2020, ikitumia sarafu za kidijitali zinazofungamana na dola. Mwaka 2022 tume hiyo hiyo iliitoza Polymarket faini ya dola milioni 1.4 kwa kufanya biashara bila kusajiliwa. Mambo yakabadilika upesi. Mwaka 2024 Kalshi iliishinda tume mahakamani juu ya mikataba ya uchaguzi, na Januari 2025 ikaanza kuuza mikataba ya michezo. Mwezi Machi mwaka huo huo majimbo ya Nevada na New Jersey yakaipa amri ya kusimama, yakisema hii ni kamari iliyovaa kanzu ya soko. Kampuni ikaenda mahakamani.

Msikilizaji atauliza: tume ya mazao inahusikaje na vijana wanaobomoa ngome kwenye kompyuta? Hapa nawaomba wenzetu wa Kagera wanisaidie. Mkulima wa kahawa aliyebanwa na ada ya shule huuza kahawa yake ingali maua, kwa bei ya leo, na mnunuzi anasubiri mavuno. Kule wanaiita butura, na imewatia umaskini wengi hata serikali ikaipiga marufuku. Wamarekani waliifanyia jambo linalofanana na hilo soko rasmi lenye sheria: mkulima wa mahindi anauza leo mahindi ya miezi sita ijayo, ili bei ikianguka asife njaa. Sheria ya Marekani ikaweka tume ya kusimamia mikataba hiyo. Masoko ya utabiri yanasema: na sisi tunauza mkataba unaohusu jambo la kesho, kwa hiyo tuko chini ya tume hiyo, si chini ya sheria za kamari za majimbo. Na hoja hiyo ina faida yake. Katika majimbo mengi ya Marekani umri wa kubashiri michezo ni miaka 21. Kwenye soko la Kalshi ni miaka 18.

Sasa nieleze kwa nini sikukubaliana na mpwa wangu.

Neno "hisa" ndilo lililomponza. Ukinunua hisa ya kiwanda cha bia, umenunua kipande cha kiwanda. Kiwanda kinapika bia, kinauza, kinapata faida, kinakugawia. Wenye hisa wote wanaweza kupata kwa pamoja, na hakuna anayelazimika kulia ili mwingine acheke. Karatasi ya "T1 watashinda" haina kiwanda nyuma yake. Haipiki kitu. Ndani yake kuna dola moja tu, iliyochangwa na watu wawili waliopishana mawazo, na mmoja ataondoka nayo baada ya ushuru. Ukizijumlisha faida na hasara za wote waliotia fedha katika fainali ile ya London, hupati hata senti moja zaidi ya walizotia. Unapata pungufu kidogo, sawa na ushuru. Mkulima wa mahindi ana mahindi, na mkataba unamlinda na hasara ambayo ingempata hata kama soko lisingekuwapo. Mpwa wangu hakuwa na ngome London. Hasara yake aliitafuta mwenyewe.

Akasema, "Lakini mjomba, mimi nawajua hawa wachezaji kuliko wazazi wao wanavyowajua. Huo si ujuzi?"

Ni ujuzi. Swali ni unaupimisha dhidi ya ujuzi wa nani. Hapa aliniambia jambo ambalo yeye hakuliona kuwa kubwa, ila mimi liliniamsha. Baada ya kuuza karatasi zake alifungua tena simu, akautazama mchezo wa nne, na mara mbili au tatu alitaka kununua tena. Kila alipotaka, bei ilikuwa imeshapanda. "Bei inaruka kwanza," akasema, "halafu ndipo naona kwenye picha mtu anauawa."

Wasikilizaji, sisi watu wa redio tunalijua hili vizuri. Nendeni mtaa wowote wa uswahilini usiku wa mechi kubwa. Mwenye redio anashangilia bao. Sekunde chache baadaye jirani mwenye king'amuzi cha aina moja anashangilia. Halafu mwenye king'amuzi cha aina nyingine. Na wa mwisho kabisa ni yule anayetazama kwa simu, ambaye huwa ameshajua kuna bao kwa kelele za wenzake, lakini picha yake bado inamwonyesha kipa anaweka mpira chini. Katika mpira tunacheka yakaisha. Katika soko ambalo bei inabadilika kila sekunde, yule wa mwisho ndiye anayeliwa. Matangazo ya michezo ya kompyuta kwa kawaida huchelewa, tena mara nyingine huchelewesha makusudi ili timu zisipate habari za mpinzani kutoka kwenye picha. Lakini mchezo wenyewe unaendeshwa na kompyuta kuu, na kila pigo na kila kifo vinaandikwa pale pale. Yako makampuni yanayouza takwimu hizo moja kwa moja kutoka kwenye chanzo, na wanunuzi wanaozitumia wana programu zinazonunua na kuuza kabla kidole cha binadamu hakijagusa kioo. Kijana wa chumba cha kupanga, na bando lake la jioni, anadhani anabishana na kijana mwenzake juu ya uhodari wa Faker. Pengine anabishana na mashine iliyokwisha kuuona mwisho wa pambano ambalo yeye bado analisubiri.

Hiyo ndiyo pata potea ya kisasa. Tofauti ni kwamba yule wa kituo cha basi mwenye karata tatu alikuwa anadanganya kwa mikono, na hapa hakuna anayedanganya. Mmoja anaona mapema, basi.

Lakini hata hili si jambo linalonitisha zaidi. Linalonitisha ni kwamba katika soko hili kinachotabiriwa kimo mikononi mwa watu wachache sana. Uzito wa ng'ombe wa Plymouth haukuweza kupokea rushwa. Uchaguzi wa Marekani una wapiga kura zaidi ya milioni mia moja. Mechi ya kompyuta ina vijana watano kila upande, wengi wao wa umri wa miaka kumi na kitu na ishirini na kitu, na nje ya ligi kubwa mishahara yao ni ya kubangaiza. Kukosa shabaha kwa makusudi ni jambo la nusu sekunde ya kidole kwenye kipanya. Nani atathibitisha?

Yameshatokea, na nitataja yaliyo wazi kwa umma. Juni 2013 mchezaji wa mchezo wa Dota 2 aitwaye Alexei Berezin, jina la uwanjani Solo, aliweka dola 100 dhidi ya timu yake mwenyewe. Timu ikashindwa, akapata dola 322. Alifungiwa, adhabu ikapunguzwa, akarudi, na baadaye akawa nahodha wa timu kubwa na akashinda mashindano makubwa. Lakini mpaka leo mashabiki wa mchezo ule wakiona mchezaji anafanya uzembe wa ajabu huandika namba tatu tu: 322. Dola hizo zimekuwa jina lake la pili.

Agosti 2014, katika mchezo wa Counter-Strike, timu kali ya Marekani iitwayo iBUYPOWER ilifungwa 16 kwa 4 na timu dhaifu ya NetCodeGuides. Kamari ya wakati ule haikuwa ya dola. Ilikuwa ya rangi na mapambo ya bunduki za ndani ya mchezo, vitu visivyoshikika ambavyo hata hivyo huuzwa kwa fedha nyingi. Watu walishuku siku ile ile, maana fedha za kubashiri zilikuwa zimeelemea upande wa wanyonge kwa namna isiyo ya kawaida. Januari 2015 kampuni ya Valve, wenye mchezo, ilithibitisha kwamba mapambo ya thamani kubwa yaliyoshindwa katika mechi ile yalifikishwa kwa wachezaji, ikawafungia watu saba. Mwaka uliofuata ikatamka kwamba kifungo ni cha daima.

Timu ina wachezaji watano, na mmoja wao, Tyler Latham, anayeitwa Skadoodle, hakuyapokea mapambo yale na hakufungiwa. Januari 2018, mjini Boston, alikuwa katika kikosi cha Cloud9 kilichowafunga FaZe na kuwa timu ya kwanza ya Amerika Kaskazini kutwaa taji kuu la mchezo huo. Wenzake wa zamani, ambao baadhi walihesabiwa kuwa na kipaji kumzidi, hawakuruhusiwa kuligombea taji lile.

Msiseme ni njaa peke yake. Lee Seung-hyun wa Korea ya Kusini, aitwaye Life, alikuwa bingwa wa dunia wa StarCraft II mwaka 2014, na ubingwa ule ulimpa dola 100,000. Mwaka uliofuata alipokea won milioni 70, karibu dola 60,000, ili ashindwe mechi mbili. Mwaka 2016 alikamatwa, akahukumiwa kifungo cha miezi 18 kilichoahirishwa, faini ya won milioni 70 ile ile, na chama cha mchezo cha Korea kikamfungia maisha. Na huyo alicheza peke yake, bila timu. Kulikuwa na mkono mmoja tu wa kununua.

Watetezi wa masoko wana jibu, na ni haki kulisema: soko lililo wazi husaidia kukamata wezi, maana bei ikiruka bila sababu kila mtu anaona. Ni kweli. Ndivyo iBUYPOWER walivyoanza kushukiwa. Tangu 2016 kipo chombo cha kimataifa, ESIC, kinachochunguza udanganyifu katika michezo hii, na dalili kubwa kinazozitazama ni hizo hizo za fedha kuelemea. Lakini fikirini mantiki yake. Katika fainali ya dunia, fedha ni nyingi mno na macho ni mengi mno, bei haiyumbishwi na mtu mmoja. Katika mechi ya ligi ndogo, Jumanne mchana, watazamaji mia tatu, dola elfu chache tu zinaisukuma bei popote. Pale ambapo bei ingehitajika kukamata mwizi ndipo ilipo dhaifu zaidi, na ndipo mshahara wa mchezaji ulipo mdogo zaidi. Kuna tatizo jingine tena. Yule ajuaye kwamba mechi imeuzwa ndiye mwenye habari bora kuliko wote sokoni. Akinunua, bei inaukaribia ukweli. Kwa kipimo cha ng'ombe wa Plymouth soko limefanya kazi yake barabara: limetabiri sawasawa. Limetabiri wizi.

Kwetu ipo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ipo sheria ya mwaka 2003, na ukidhulumiwa na kampuni yenye leseni unajua mlango wa kugonga. Mpwa wangu alikuwa anafanya biashara na soko lililo ng'ambo ya bahari, kwa sarafu zisizopita benki. Nilimwuliza mambo matatu madogo. Mechi ikiahirishwa, karatasi yako inalipwaje? Timu ikijitoa? Matokeo yakibishaniwa, nani hakimu? Alikuwa hajasoma. Nami nilipoyasoma masharti ya soko lile, majibu yote yalikuwapo, kwa herufi ndogo. Hakimu hakuwa mahakama. Baadhi ya masoko haya huachia watu wenye sarafu fulani ya kidijitali wapige kura kuamua kilichotokea, na mwenye sarafu nyingi ana kura nyingi. Nilipomweleza hilo alinyamaza kwa mara ya kwanza jioni ile.

Dada yangu alilipa pango. Kijana anamrudishia shilingi elfu thelathini kila mwezi, kwa kutengeneza kompyuta za majirani, na mimi ndiye shahidi wa makubaliano. Fainali ya Novemba 2025, mjini Chengdu, T1 walikutana na Wakorea wenzao wa KT Rolster. KT wakaongoza mbili kwa moja. T1 wakashinda tatu kwa mbili, ubingwa wa tatu mfululizo. Mpwa wangu aliitazama yote, na ananiapia kwamba hakununua kitu. Alinipigia simu usiku ule, si kwa habari ya mechi. Alitaka kujua kama nimewahi kufikiri ni nani aliyezinunua karatasi zake zile 160 mwaka uliotangulia, zilipokuwa senti 25, na mtu huyo alikuwa anaona nini kwenye kioo chake wakati yeye anauza.